Macho ya Golkipa wa Akiba

Nilimkuta marehemu mume wangu ukutani, katika nyumba ya watu huko Riyadh, kavaa jezi ya kijani na kichwa si chake. Nikacheka. Binti yangu Asya akanifinya mkono, akaninong'oneza, "Mama, vipi? Watu wanatutazama." Watazame! Mwanamke aliyetoka eda juzi juzi, akamkuta mumewe mtaa wa Al-Malqa kwenye ukumbi wenye zulia jeupe, kanyanyua mguu anataka kupiga penalti, afanye nini kama si kucheka? Vile vigimbi nilivijua. Goti la kulia nililijua, lina kovu aliloungua kwenye tanuri la mikate. Nikasogea picha ya pili, mchezaji mwengine, sura nyengine, lakini miguu ni ile ile ya Salum. Ya tatu, Salum. Timu nzima ya Jidda na timu nzima ya Riyadh, kifua ni cha Salum, mikono ya Salum, na vichwa vya watu wengine juu yake. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka yakaona bora yaendelee, nikatafutiwa kiti.

Aliyenitafutia kiti ni Yusuf, kijana wa Kisaudi mwenye miwani na adabu zake. Nilikuwa sijui kama duniani kuna watu wenye kazi kama yake. Zamani pakti za chingamu zilikuwa zikitiwa kadi ndani yake, kadi ndogo ngumu yenye picha ya mchezaji mpira, na watoto wakizikusanya na kubadilishana. Hao watoto sasa ni wazee wenye mali, wanazinunua tena. Yusuf yeye anatafuta kilicho nyuma ya kadi: zile picha kubwa zilizochorwa kwa mkono kabla ya kupelekwa matbaa kuchapwa, karatasi za majaribio, na zaidi ya yote, nani aliyezichora. Hizi za kwetu zilikutwa stoo, katika matbaa iliyofungwa zamani hapo Jidda. Mansur, mtoto wa aliyekuwa mwenye matbaa, akazichukua, akazitia fremu, akataka kuzionyesha watu. Asya anafanya kazi hospitali moja na dada yake Yusuf, akasikia habari, akasema, "Mbona mama yangu anazijua hizo." Ndipo nikatiwa kwenye ndege kutoka Jidda, mie na magoti yangu haya.

Chini ya kila picha palikuwa na kibao kidogo cha shaba, na kila kibao kimeandikwa: mchoraji hajulikani. Maneno mawili tu. Nilikwenda Riyadh kuyafuta hayo. Mchoraji anajulikana, ni mjomba wangu Masoud, na mwaka aliozichora ndio mwaka tuliompoteza.

Mwaka ule Jidda ilikuwa haina pahala pasipochimbwa. Pesa za mafuta zimeshuka kama mvua ya mwaka, kila mtu anajenga, na meli zilizobeba saruji zimejaa baharini zinangojea zamu ya kutia nanga. Ukianika kanzu nyeupe asubuhi, adhuhuri unaianua ya kijivu. Sisi tulikaa mtaa wa Al-Mahjar, vyumba viwili na jiko na paa tupu la kuanikia nguo: mie, mjomba, na mkaza mjomba wangu Bi Rukia. Nyumba ilinuka papa mkavu, kwa sababu Bi Rukia alikuwa na papa wake aliyeletewa kutoka Mombasa ndani ya sanduku la nguo za watu, akimficha juu ya kabati kama dhahabu. Mie nilikuwa na miaka kumi na tisa na mkono wa piko. Bibi harusi wa Kizanzibari yeyote wa Jidda akitaka kuchorwa, anaitwa Zuwena. Nilichora kwa ujiti, chelewa niliyoichonga ncha mpaka ikawa nyembamba kama unywele, na ua langu la piko likianza kwa nukta na kumalizika kwa mkia mdogo uliojikunja.

Mjomba Masoud alikuwa akichora mabango ya maduka. Herufi, maua, birika la chai, taa ya kandili. Aliandika Kiarabu kwa hati nzuri mpaka wenyewe Waarabu wakisimama kumtazama. Lakini ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, ilisema yeye ni dereva, maana kafili wake, yaani mdhamini wake, mwenye matbaa, ndivyo alivyomwandikisha, nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya dereva. Na mjomba gari hajui hata kulisukuma. Bi Rukia akimtania, "Bwana Masoud, nipeleke sokoni basi, wewe si dereva?" Mjomba hucheka kidogo na kuendelea kuosha brashi zake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila akiniita aliniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mamake.

Siku moja yule kafili, tukimwita bosi, akaja nyumbani mwenyewe. Mie na Bi Rukia tukawa jikoni, mlango umerudishwa nusu, tunasikia. Akanywa kahawa, akasifu tangawizi, kisha akasema, "Ya Masoud, wewe ukichora birika mtu husikia kiu. Nichoree wachezaji. Timu yetu ya hapa na timu ya Riyadh, nitie kwenye chingamu." Mjomba akasema, "Bosi, mimi sura za watu sichori." Nikasikia kikombe kinarudishwa sahanini. Bosi hakukasirika, laiti angekasirika. Akauliza kwa upole, "Ikama yako inamalizika lini?" Mjomba akamjibu. "Basi," akasema bosi, "nipe hiyo ikama nikae nayo. Ukimaliza picha zote, nakufanyia mpya. Yalla, tutegemee Mungu." Jikoni Bi Rukia akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Jioni ile kulikuwa na wali wa nazi na yule papa mwenyewe, ameshushwa kabatini kwa heshima ya janga. Mjomba hakula. Bi Rukia hakuweza kujizuia. "Unajua wanavyosema, Bwana Masoud. Mchora sura kesho huambiwa, haya, zitie roho hizo ulizoumba. Utazitia roho na nini? Na pampu ya baiskeli?"

"Nimwambie nini, Rukia? Tukitoka hapa tutakwenda wapi?"

Bi Rukia akamsogezea sahani. Unguja tuliondoka bila hata ya kuagana na watu vizuri, na kwa namna ile hakuna kurudi. Wali ukapoa, ukafunikwa.

Mjomba akapata njia yake. Akamchora mchezaji wa kwanza, nywele, masikio, pua, jezi mpaka mikunjo yake, viatu mpaka kamba zake, lakini macho hakuyatia. Pahala pa macho pakabaki peupe. Akajisemea kuwa mtu asiye na macho hajawa mtu, na kwa hiyo yeye hakuchora mtu. Akaipeleka picha kwa bosi. Ikarudi siku ile ile. "Huyu kipofu," bosi alisema. "Mpira atauona vipi?"

Hapo ndipo nilipotia domo langu. Nikasema, "Mjomba, nipe mie nitie macho." Wote wawili wakanigeukia. Nikawaambia, mjomba amechora nguo na nyama, hakuchora mtu. Mie nitachora nukta mbili kama ninavyochora kwenye mikono ya maharusi, sikuchora mtu. Nani basi atakuwa amechora mtu? Hakuna. Mjomba akafikiri sana, akasema, "Nukta mbili." Bi Rukia akapiga kofi, "Alaa! Dhambi mnagawana kama fungu la samaki!" Lakini ni yeye mwenyewe aliyekwenda akachomoa chelewa kwenye fagio lake la Pemba, lile lililokuwa haliguswi na mtu, akanikabidhi. Hata leo sijui kama hoja yangu ilikuwa na mashiko. Sijamuuliza shekhe yeyote, nachelea jibu.

Tukawa na utaratibu. Mjomba akimaliza mwili, picha huachwa ikauke, kisha baada ya swala ya alasiri huletwa chumbani, inawekwa juu ya kibao cha kusukumia chapati, mie upande huu na yeye upande ule. Hanigusi mkono, hanielekezi umbo. Kazi yake ni kuniambia jambo moja tu. "Nuru inatoka kulia, mama." Au, "Hii inatoka kushoto." Maana jicho bila nuru ni tundu, na nuru yenyewe ni kipande kidogo cha karatasi unachokiacha bila kukitia rangi, kwa upande ule jua linakotoka. Nikiitika "naam, mjomba", uso chini, macho kwenye kazi. Ndivyo nilivyolelewa. Wiki ya mwanzo nilisahau nikaanza kunyanyua uso kumjibu, Bi Rukia akanitia kikofi cha mgongo. "Unamkodolea nani? Huyo ni baba yako!" Sikurudia tena.

Bosi alituletea sura tu, picha za pasipoti na vipande vya magazeti, vichwa vidogo kama punje za kunde. Miili hakuna. Mjomba akahitaji mtu wa kusimama. Mtaani kwetu palikuwa na kijana wa Kimakunduchi aliyekuwa akifanya kazi katika tanuri la mikate ya tamis, Salum, ana kifua cha mlango. Mjomba akamwomba aje juu ya paa kila akitoka kazini. Akaja, kavaa kaptula ya jeshi aliyoinunua mtumba, haya imemjaa, unga umo kwenye nyusi. Mjomba akamwambia, "Piga mpira." "Mpira uko wapi, mzee?" "Haupo, piga." Basi Salum akipiga hewa, anagandisha mguu juu, anatetemeka, na mjomba anachora taratibu bila ya huruma. Siku ya kumchora golkipa akajirusha juu ya godoro mara chungu nzima, mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna mtu anauliwa. Mie si pahala pangu kuwapo. Nilikaa nyuma ya shuka zilizoanikwa, naanua nguo zilizokwisha kukauka na kuzianika tena. Bi Rukia akaniambia, "Shuka moja unaianika mara ngapi? Hebu teremka, nimekuona." Nilimpenda Salum kipande kipande, mguu wa picha hii, bega la picha ile, na sura yake sikuiona vizuri mpaka siku ya harusi.

Kadi za mwanzo zilipotoka matbaa mjomba alileta karatasi nzima ya majaribio, haijakatwa, wachezaji wamepangwa safu safu, rangi zimezidi kidogo wekundu. Tukaitandika chini, tukaizunguka watatu sisi tumepiga magoti. Wachezaji wote wanatutazama. Bi Rukia, yule yule wa pampu ya baiskeli, akasema, "Wallahi huyu wa pembeni ataniuliza kama nimepika." Mjomba akacheka mpaka akakaa kitako. Nikafahamu siku ile kuwa alikuwa anaipenda kazi, na kwamba kuipenda kulikuwa kunamtia hofu zaidi kuliko kulazimishwa. Baadaye kidogo nikawasikia watoto chini mtaani wakibishana, "Nipe wako nikupe wangu," na moja ya kadi zile imeangukia kwenye mtaro, macho yangu yakinitazama kutoka kwenye maji machafu.

Ikabaki picha moja, golkipa wa akiba wa timu ya Riyadh. Bosi hakuwa na picha yake. Alikuwa mgeni kwenye timu, hakuna gazeti lililomweka. "Chora yeyote," akasema bosi, "nani atamtazama golkipa wa akiba?" Ikama ya mjomba ilikuwa imeshakwisha muda na iko mikononi mwa bosi, na picha hii moja tu imesimama baina yake na ikama mpya. Mjomba akamwomba Bi Rukia kioo chake. Akakiegemeza dirishani, akajichora mwenyewe. Ilikuwa ajabu kwetu, maana mjomba alikuwa hapigi picha, hata za harusi alijitenga. Mwili ukawa wa Salum na sura ikawa ya mjomba Masoud, paji lake, kidevu chake chenye kishimo, ndevu zake zilizoanza mvi. Macho akaacha. "Ikauke," akaniambia. "Tutaitia macho nikirudi."

Alikuwa anatumwa Riyadh. Bosi alitaka picha za wachezaji wa huko wakazione wenyewe, wathibitishe rangi za jezi kabla ya kuchapwa. Bi Rukia akamwambia, "Bila ya ikama utakwendaje?" Mjomba akatoa karatasi yenye muhuri wa bosi, inayosema kuwa ikama inafanyiwa upya. Akaondoka na basi, picha kazifunga kwa shuka ile ile niliyokuwa nikiianika. Bi Rukia akamfungia maandazi, akamwambia asimpe mtu njiani. Akafika salama, jezi zikakubaliwa, picha akaziacha kwa mtu wa bosi. Wakati wa kurudi akaenda Batha kupanda basi, na Batha ndiyo pahala wageni wote wanapokwenda, kwa hiyo ndipo wanapoangaliwa karatasi. Yeye akatoa ile yenye muhuri. Muhuri haukutosha, akakamatwa. Na akijitetea kuwa alikuja kwa kazi ya picha akajimaliza zaidi, maana yeye kwa serikali ni dereva.

Habari tulizipata kwa simu ya duka la Myemeni, chini ya nyumba. Alipiga Mkenya mmoja aliyekuwa naye kituo cha polisi, akatuambia haraka haraka, pesa za simu zikamkatikia. Na hapo ndipo nilipojua maana ya kuwa mtu huna mkono. Wanawake wawili Jidda, hawana gari, hawana mwanamme ndani, hawana mtu wanayemjua Riyadh hata wa kumpelekea kanzu safi. Salum akatoka tanurini akaenda mlangoni kwa bosi. Akaambiwa, "Bukra, inshallah," yaani kesho. Akaenda kesho yake. Bukra. Bosi alikuwa safarini, bosi alikuwa amelala, bosi alikuwa na wageni. Salum alikuwa akirudi na unga umekauka shingoni, hathubutu kupanda juu, anasimama chini ya ngazi na kusema, "Bado, Bi Rukia." Bi Rukia naye akimjibu, "Ahsante, mwanangu, kapumzike." Kila siku maneno yale yale. Mie nilikuwa nikimchukia Salum kwa lile "bado" lake, masikini ya Mungu, kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilipika.

Kisha akaja mtu wa bosi, tukafurahi, tukadhani kaja na habari. Alikuja kuchukua picha ya mwisho. Nikamwambia kutoka nyuma ya mlango, "Haijaisha." Akasema, "Mafi mushkila," si neno. Nikamwambia, "Haina macho bado, mwenyewe mjomba hayupo." Akasema, "Halas, imetosha, tutaona huko huko." Bi Rukia akajitokeza mbele, yeye mwenye ukali wake wote, akamshikia yule mtu joho. "Mwambie bosi picha imekwisha. Mwambie kuwa Masoud kamaliza kazi yote, aende akamtoe. Mwambie tu hivyo, baba." Yule mtu alikuwa mdogo kuliko mie. Akaondoa mkono wa Bi Rukia taratibu, akasema atamwambia, akateremka na picha kwapani. Ukuta ilipokuwa imeegemezwa picha ukabaki na alama ya vumbi la saruji, umbo la mraba, hatukuwa na moyo wa kulifuta.

Mjomba tukampata kwenye simu mara moja tu. Myemeni alinipigia kelele kutoka chini, nikashuka na kanga ya jikoni, nimesahau hata abaya. Sauti ilikuwa mbali na watu wengi wanazungumza nyuma yake. Nikamwuliza kama anakula. Akasema anakula. Nikamwuliza wanamwambiaje. Akasema anapandishwa ndege ya Dar es Salaam, na akasema kama mtu anayesema kuwa kesho kuna jua. Kisha akasema, "Mama, ile ya mwisho."

"Naam, mjomba."

"Ile ya mwisho nuru inatoka kushoto. Kioo nilikiweka dirishani, usije ukakosea. Itie macho uwape, labda watafikiri."

Ningemwambia nini? Nimwambie picha wameshaichukua bila macho, na hawajafikiri? Nikasema, "Sawa, mjomba. Kushoto." Simu ikakatika. Myemeni akajifanya anapanga mikebe ya samaki, hakunitazama, Mungu amlipe.

Bi Rukia akamfuata Dar es Salaam kabla mwaka haujamalizika. Mie niliozwa Salum ili nisibaki peke yangu, harusi ya watu wachache, piko nikajichora mwenyewe kwa mkono wa kulia na wa kulia ukabaki mtupu. Mjomba alikaa Tanga miaka michache, akichora mabango ya vinyozi, kisha akafa kwa homa. Sikumzika. Kwa miaka yote hiyo Salum na mie hatukuzungumza sana habari zile. Ila kila akisikia mtoto anatafuna chingamu na kuipasua mdomoni, Salum alikuwa akitoka nje.

Sasa nirudi Al-Malqa. Nilipokwisha kulia nikawaambia yote haya, Yusuf akiandika, Mansur kakaa mbele yangu na tasbihi yake. Mansur ni mtu mzima mwenye upole, anafanana na baba yake, na upole wenyewe ni ule ule. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Khala Zuwena, Masoud namkumbuka. Alikuwa dereva wetu."

"Hakuwa dereva, mwanangu."

"Kwenye karatasi za baba ni dereva."

"Mbona gari hakujua kuendesha?"

Akatabasamu kwa masikitiko, kama mtu anayetaka kukupa kitu na hana. Akasema yeye ananiamini, lakini watu watakaokuja kutazama ni wajuzi, watauliza ushahidi. Yusuf akaingia kati. Akasema yeye ameshaona tangu zamani kwamba macho ya picha hizi hayakuchorwa na mkono uliochora miili. Yana mkia mdogo uliojikunja, na hakujua umetoka wapi. Akaniomba, kama naweza, nichore jicho moja kwenye karatasi. Asya akanitafutia kijiti cha kuchokolea meno na wino. Mkono wangu siku hizi unatetemeka hata nikishika kikombe, lakini ukishakutana na karatasi unajikumbuka. Nukta, ukingo, nuru, mkia. Yusuf akakichukua kikaratasi, akakisogeza kwenye fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akavua miwani. Akasema, "Ni wewe."

Wakafurahi sana. Mansur akaagiza kahawa na tende. Wakaniambia vibao vyote vitabadilishwa, na wataandika: macho yamechorwa na Zuwena wa Jidda. Nikauliza, na Masoud je? Wakatazamana. Yusuf akasema kwa sauti ndogo kuwa juu ya mwili hawana kitu ila maneno yangu, watabakisha hajulikani, wataongeza labda "inasemekana". Nikawaambia basi na langu wasiliandike. Wakasema haiwezekani, khala, limeshathibiti. Nilifunga safari kwenda kumrudisha mjomba, nikajirudisha mwenyewe. Asya akanishika bega, anadhani nalia kwa furaha.

Kisha Mansur akaniongoza mpaka mwisho wa ukumbi. Pale, peke yake, chini ya taa, yupo golkipa wa akiba. Kibao chake kimeongezewa maneno: sampuli ya majaribio, haikuchapwa. Mikono ya Salum imenyooka kudaka mpira, na juu yake paji la uso la mjomba wangu na kidevu chake chenye kishimo, na pahala pa macho peupe. Ndiyo picha pekee ya Masoud iliyobaki duniani. Mansur akaishusha mwenyewe kutoka ukutani, akaitoa katika fremu, akaiweka mezani. "Khala," akasema, "kama ndiye yeye, imalizie. Mie nakupa ruhusa." Alikusudia wema, wala sina shaka. Yusuf akanisogezea wino.

Nikakaa. Nikashika kijiti. Upande wa pili wa meza palikuwa na kiti kitupu, na dirisha kubwa lenye jua la alasiri. Nuru inatoka kushoto, hilo nalijua, aliniambia mwenyewe. Nikainamisha kijiti, nikangoja mkono ujikumbuke kama ulivyojikumbuka mwanzo, na mkono haukuwa na la kukumbuka. Yalikuwa makubwa au madogo? Yalikuwa ya kahawia, yalikuwa meusi, yalikuwa yameingia ndani? Sijui. Alasiri zote zile nimekaa mbele yake, nawatilia macho watu nisiowajua, na ya mjomba sikuyatazama hata siku moja, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye adabu. Nikakiweka kijiti chini, nikamwomba Mansur amrudishe ukutani.